Alitengeneza gari la kukodi mwenyewe, bima ikamgeuka

Ukungu haujaondoka Manyatta, karibu na mji wa Embu, na Rwamba tayari amepiga magoti kando ya Probox nyeupe. Mkono wa kushoto umeingia ndani ya mlango, umeshikilia kipande cha chuma. Wa kulia unagonga kwa nyundo, polepole.

"Huu utaisha leo," anasema bila kugeuka. "Ule wa Uganda ndio haujaisha kichwani mwangu."

Karakana hizi za kando ya barabara zote zinajua habari ya mlango wa Uganda. Gitari, anayeuza betri kuukuu kibanda cha pili, amempa Rwamba jina.

"Mama Eksesi! Leo unatengeneza la nani bila ruhusa?"

"Nyamaza, nisije nikakutengeneza mdomo."

Rwamba ana umri wa miaka 47. Alianza kwa kupiga msasa magari ya kaka yake, na wateja wakaanza kumuulizia yeye badala ya kaka. Juma zuri humpa shilingi elfu saba. Mvua ikinyesha rangi haikauki, na hapo elfu mbili ni bahati. Kwa pesa hizo amesomesha mabinti wawili. Cicily, mkubwa, ameolewa na Njura, karani katika ofisi moja mjini Embu. Mdogo, Wambeti, alihitimu chuo kikuu huko Mbarara, Uganda, Novemba iliyopita.

Mahafali hayo ndiyo yaliyozua mambo.

Familia ilifika Kampala kwa basi, ikakodi gari la kuendea Mbarara. Kampuni ilitaka kadi ya benki, na mwenye kadi alikuwa Njura. Kwa hiyo gari likaandikwa kwa jina lake, Rwamba akaandikwa dereva wa pili. Kusema kweli yeye ndiye dereva. Njura huendesha kama mtu anayebeba mayai.

Karani wa kampuni aliwaeleza kwamba gari lina bima, lakini likiharibika, dola elfu moja za kwanza ni za mteja. Hiyo ndiyo eksesi. Pesa hizo zilizuiwa kwenye kadi ya Njura, zirudi gari likirudi salama. Mteja akiongeza dola sitini, eksesi inafutwa.

Rwamba alizilipa hizo sitini kutoka mfukoni mwake. "Nikajua nimemaliza. Hata ng'ombe akilipiga teke, si shida yangu."

Ng'ombe hakulipiga teke. Asubuhi ya mahafali, baada ya kuwashusha wenzake chuoni, Rwamba alisimamisha gari kupisha kundi la ng'ombe wa kwao huko wenye pembe ndefu. Mmoja aligeuza kichwa.

"Aliangalia nyuma tu, kama mtu aliyeitwa," anasema. "Pembe ikaingia kwenye mlango."

Mlango ulibonyea na rangi ikachubuka. Hakumpigia mtu yeyote simu. Alitafuta karakana, akaazima nyundo na msasa, akanunua rangi kidogo. Mafundi wa pale walimcheka mwanzoni, kisha wakavuta viti kutazama. Wambeti alipokuwa akikata keki, mlango ulikuwa umenyooka na umekauka.

"Kwetu ukiharibu kitu cha mtu, unakirudisha kikiwa kizima, halafu ndiyo unaomba msamaha," anasema. "Sasa mimi nirudishe gari limebonyea, na nyundo ninaijua? Hiyo ni aibu."

Waliporudi Kampala, karani wa kampuni alilizunguka gari, akatia alama ya sawa kila mahali. Rwamba angeweza kunyamaza na mambo yangeishia hapo. Hakunyamaza.

"Nyabo, gari liko vizuri," karani alimwambia, kwa neno ambalo kwao ni la heshima kwa mwanamke.

"Liko vizuri kuliko mlivyonipa. Ng'ombe alibonyeza mlango, nimeunyoosha. Na ule mkwaruzo wenu wa zamani hapa chini nimeutoa. Huo ni bure."

Karani aliweka kalamu chini. "Nani alikuruhusu?"

"Kufanya nini?"

"Kutengeneza."

"Yaani ungependa nikurudishie likiwa limebonyea?"

"Ndiyo, nyabo. Tungependa."

Masharti yalisema hasara iripotiwe siku hiyohiyo, ipigwe picha, ipatikane ripoti ya polisi, na fundi wa nje asiguse gari. Ukivunja hayo, zile dola sitini hazikusaidii. Dola elfu moja, karibu shilingi laki moja na elfu thelathini za Kenya, hazikurudi kwenye kadi ya Njura.

"Ningeliacha limebonyea, singelipa hata senti," anasema Rwamba. "Nimelitengeneza, nimelipa zote. Hebu nielezeni polepole."

Mwiti, wakala wa bima mjini Meru ambaye ni mzaliwa wa Kanyakine, amejaribu kumweleza. Anasema kampuni haiwezi kujua kilicho chini ya rangi mpya. Huenda chuma kimepinda ndani, huenda dereva alimgonga mtu na anaficha.

"Gari la kukodi si lako hata dakika moja," anasema Mwiti. "Likiguswa, piga picha, piga simu, kisha kaa mbali. Ukijua ufundi, kaa mbali zaidi."

Alimsaidia kuandika rufaa. Kampuni ikajibu kwa upole kwamba haiwezi.

"Mwiti anaeleza vizuri," Rwamba anasema. "Akimaliza ninakubali. Nikifika nyumbani ninashangaa tena nilikubali nini."

Lakini linalomnyima usingizi si kampuni. Njura hajamaliza kulipa mahari ya Cicily, pesa na mbuzi, na pesa zilizokwenda ni zake. Njura mwenyewe alimwambia, "Mama, wacha tu." Baba yake mkubwa, mzee Nyamu, ambaye ndiye msemaji wa familia hiyo, hakuwacha. Alituma ujumbe kwamba mama mkwe amekwisha kupokea laki moja na zaidi, hivyo ziondolewe kwenye mahari.

Rwamba aliposikia, aliketi.

"Kwa hiyo nimwambie Cicily sehemu ya mahari yake ililipwa na ng'ombe wa Uganda, ambaye hata boma letu hakuliona?"

Njura naye amechanganyikiwa. "Nikikataa pesa anazonirudishia mama, nimemdharau. Nikizichukua, watu wetu watasema ninamwogopa mama mkwe," anasema, kisha anacheka kidogo. "Na kwa kweli ninamwogopa."

Rwamba amekwisha kumrudishia elfu themanini na tano. Alivunja akiba ya kununua kompresa mpya ya kupulizia rangi, na ile ya zamani inakohoa huku akiifunga kwa waya. Zilizobaki atazipata kwa basi la kanisa alilopewa kupaka rangi upya, kazi ya elfu hamsini, rangi ikiwa ya kanisa.

Familia hizo mbili zitaketi mwezi ujao nyumbani kwake kuzungumzia mahari. Anataka deni liishe kabla ya siku hiyo, na amekwisha kupanga jinsi: Njura atapewa pesa mkononi, Cicily akiwa amesimama hapo anaona, mbali na meza ya wazee.

Je, atakodi gari tena nje ya nchi? Anasema atakodi, likiwa na dereva wake, na yeye atakaa nyuma mikono mapajani, hata likiangukiwa na mti.

Anapitisha kiganja juu ya mlango wa Probox, kisha anachukua msasa.

"Mzee Nyamu akianza na habari ya Uganda, nitamwambia hiyo nimelipa. Aanze na mbuzi."