Mkunga na Kimpira

Mkunga wa zamu ya asubuhi ana mikono isiyojua kudondosha kitu, na hilo ndilo linalomponza kwenye mpira wa meza. Ukitaka kuanzisha, unakilaza kimpira juu ya kiganja kilichofunguka, unakirusha juu, unakipiga kikishuka. Yeye hukirusha vizuri tu. Lakini kikianza kushuka, mkono unachomoka wenyewe, unakidaka taratibu, kisha anakichungulia kama kimefika salama. Raketi inabaki hewani, inashangaa. Mimi dereva wa gari la wagonjwa, kapteni wa timu ya hospitali na bingwa ambaye sijaona wa kunisumbua humu ndani, nimemwambia mpaka koo limekauka: "Kiache kishuke, dada, hakina mama!" Hucheka mpaka mabega yanatikisika, halafu anakidaka tena.

Jana nikamwonya kwamba asipoanzisha hata mpira mmoja, nafasi yake kwenye mechi ya Jumamosi nampa yule wa maabara. Hapo hakucheka. Alivua saa, akaitia mfukoni. Kimpira kilipopaa tu, akaupeleka mkono wa kushoto nyuma ya mgongo, akaubana kwenye mshipi wa sare kama anayemzuia mtoto mtukutu. Raketi ikalia. Kimpira kikadunda upande wake, kikadunda upande wangu, kikanipita ubavuni. Nikasema jua la dirishani limeniingia machoni.

"Pole, kaka," akasema, kwa sauti ile anayowatulizia wenye uchungu. "Sasa hiyo Jumamosi, tunavaa raba za rangi gani?"