Bwawa la Tatu Nyuma ya Jabali

Wapo walionicheka pale Xiaobei, kwenye mgahawa tunakokula wali wetu Waafrika, nikawaacha wacheke. Lakini hili lilinikuta mimi mwenyewe, mchana kweupe, na akili zangu timamu. Silipunguzi wala siliongezi.

Mimi ni mtu wa Tanga. Huu ni mwaka wa tisa naishi Guangzhou, kazi yangu kuwapeleka wanunuzi wa nyumbani kwenye viwanda vya mikoba Shiling na kuwasafirishia mizigo. Mwaka juzi wifi yangu Rehema, mke wa kaka yangu, alikuja kwenye maonyesho ya biashara ya Pazhou. Siku nne tulizunguka kwenye yale majumba mpaka miguu ikavimba. Yalipokwisha akasema, "Wifi, mimi sirudi Dar nimeona mabegi tu. Nipeleke pahali nikatie miguu majini."

Nikakumbuka kisiwa kimoja ambacho Wachina hupenda kwenda kupiga picha. Unapanda treni mpaka pwani, halafu boti. Kisiwa chenyewe kilitokana na volkano ya zamani, mawe yake meusi tititi, na humo kwenye mawe bahari imechimba mabwawa. Maji yakijaa huyaoni. Yakipwa, yanabaki yametulia, safi, unahesabu kokoto za chini, na watu huogelea humo.

Tulifika baada ya adhuhuri, maji yamekupwa. Bwawa la kwanza lilijaa watoto na maboya yao. La pili walikaa wazee. Rehema ni mtu wa stara, alitaka aingie na dera lake bila kupigwa picha na mtu, basi tukaendelea kukanyaga mawe, tukazunguka jabali moja kubwa, tukaliona la tatu. Kimya. Ukingoni alikaa mwanamke wa Kichina wa makamo, gauni la kijivu, miguu kaizamisha majini.

Akatugeukia. "Karibuni. Maji yametulia."

Kwa Kiswahili! Utaniambia, kwani Wachina wanaojua Kiswahili ni wachache? Si wachache. Pita Zhanxi kwenye maduka ya viatu, utaitwa "rafiki, bei poa" mpaka uchoke. Lakini kile ni cha sokoni. Huyu alisema kama aliyezaliwa mtaani kwetu, sauti ile ya kuvuta ya mabibi zetu. Nikamwuliza, "Umejifunzia wapi?" Akatabasamu tu. Hapo hapo roho yangu ilimkataa.

Rehema hakusubiri. Alikwishaingia, maji kiunoni, anacheka. "Wifi, ya vuguvugu! Njoo!"

"Rehema, usiende mbali," nikamwambia.

Yule mwanamke akasimama. Gauni lake lilikuwa limezama mpaka magotini, wallahi nililiona, na alipotoka lilikuwa kavu. Halikudondosha tone.

"Anaitwa Rehema," akasema, kama anayelionja jina. "Mama yake nani?"

Sasa niambie wewe, mtu wa kheri anatafuta nini kwenye jina la mama? Kwetu anayetaka jina lako pamoja na la mama yako ni mganga, na si kila mganga ana nia njema. Nilijua sitakiwi kumpa. Nikasema moyoni, nitamdanganya. Ila alikuwa ananitazama bila kupepesa, na mimi nimeduwaa, nikatupa jina la kwanza lililonijia.

"Zuhura."

Hakumtazama Rehema. Alitazama bahari, akaita polepole: "Binti Zuhura. Njoo."

Rehema hakugeuza hata shingo. Aliyekwenda ni mimi. Zuhura ni mama yangu mzazi.

Nikuelezeje? Miguu ilinyanyuka yenyewe. Viatu miguuni, mkoba begani, nikapita ukingo wa bwawa nikielekea kule mawe yanakokatika na mawimbi yanapiga. Nilitaka kusoma Ayatul Kursi, ulimi ukagoma. Nilijua kabisa kwamba nikifika pale ndiyo basi tena, na bado nilikwenda.

"Wifi! We wifi! Unakwenda wapi na viatu?"

Rehema alitoka majini mbio akanidaka baibui kwa nyuma. Tulianguka wote wawili. Goti langu lilichanika kwenye jiwe, na yale maumivu ndiyo yaliyonirudisha. Nilipoinua uso, mwanamke hayupo. Mawe matupu pande zote, pa kujificha hapana. Tulikimbia, Rehema bila viatu.

Karibu na gati palikuwa na mama muuza chai. Nikamwuliza kwa Kichina kuhusu bwawa la tatu nyuma ya jabali. Akaacha kumimina. "Meiyou," akasema. Hakuna. "Mabwawa ni mawili." Akanipa kitambaa cha kufungia goti, akageukia wateja wengine.

Kwenye boti Rehema alikamua pindo la dera lake. Kisha akauliza, "Yule mama alikuwa anakwambia nini?"

"Kwani hukumsikia?"

"Nilimsikia. Si alikuwa anasema Kichina tu? Nikashangaa wewe unamjibu Kiswahili."

Rehema alirudi Dar mzima, ana duka lake, na hataki tuliongelee. Anayeitwa ni mimi. Mara ya kwanza ilikuwa Shiling, nakagua zipu za mikoba na laoban mwenye duka kasimama mbele yangu. Nyuma ya sikio: "Binti Zuhura." Miguu ikageuka. Nikashikilia meza kwa mikono miwili mpaka ikapita. Mara nyingine ilikuwa kwenye metro, watu wamejaa. Siku hizi siitiki mpaka nimwone anayeniita. Wenzangu wanasema nina maringo.

Shehe aliyenisomea aliniambia nisikaribie tena maji ya chumvi. Na nyumba ya kwetu Tanga, dirisha la mama linatazama bahari. Miaka miwili sijaenda. Macho yake yameanza kufifia, na kila Ijumaa ananipigia simu: "Mwanangu, unakuja lini?" Namwambia kazi nyingi. Nitamwambiaje kwamba jina lake nililitoa kwa mdomo wangu?

Basi wewe unayenisikiliza, mtu usiyemjua akikuuliza ukingoni mwa maji mama wa fulani ni nani, usimpe jina. La kweli usimpe, na la uongo pia usimpe, maana hujui ni lipi litakutoka. Nyamaza, mshike mwenzio mkono, muondoke.