Njia ya Kwenda Shambani kwa Ok-sun

Tak Bun-rye alikuwa mjane mkulima wa pilipili katika kijiji chetu cha Neutigol, bonde ambalo vijana wake wote wamehamia Seoul. Mumewe alimwachia banda kubwa la nguruwe, tupu, na uwanja mpana kulizunguka.

Siku moja alimjia mtu mchangamfu aitwaye Pyo Gwang-il, mkononi ana keki za mchele, akamwita mama tangu salamu ya kwanza. Alitaka kukodi banda ahifadhi plastiki za kiwandani. Bun-rye, ambaye mwanawe humkumbuka kwa nadra, alimkaangia samaki siku hiyo hiyo.

Malori yakaanza kuja mchana kweupe, siku za gulio, wanakijiji wote wakiwa mjini sokoni. Yalimwaga magodoro, nyavu kuukuu, chupa za hospitali, na matope meusi ambayo hakuna aliyetaka kujua yametoka wapi. Kabla theluji haijaanguka, paa la banda lilikuwa limefunikwa na taka.

Bun-rye akapiga simu wilayani. Afisa wa taka alikuwa mmoja kwa wilaya nzima, na gari aligombania na idara ya mifugo. Alipofika hatimaye, alipiga picha huku ameziba pua, kisha akamweleza kwa upole kwamba kampuni ya Pyo imeandikishwa kwa jina la mlevi asiye na makazi, na kwamba mwagaji asipopatikana, mwenye ardhi ndiye husafisha.

"Lakini mimi ndiye niliyekuita," Bun-rye alisema.

"Najua, bibi. Ndiyo maana nina pa kuanzia."

Jirani yake, Maeng Ok-sun, aliolewa Neutigol mwaka mmoja na yeye, na watoto wao walinyonya kwa zamu maziwa ya mama wote wawili. Ilipofika siku ya kutengeneza kimchi, kabichi ya kuchachushwa kwa chumvi na pilipili, ya majira ya baridi, Bun-rye hakuitwa. Alikwenda mwenyewe, na kisu chake na ndoo yake. Ok-sun alimtazama mbele ya wanawake wote.

"Dada, mikono yako iache kwenu. Kabichi hushika harufu."

Wanawake wakacheka. Bun-rye naye alijaribu kucheka, kisha akabeba ndoo yake akarudi.

Pyo aliendelea kuja bila woga, kila mara na kizawadi. Bun-rye alimsihi aondoe uchafu wake. Akajibu kwamba hana pa kuupeleka.

"Nitafutie mahali, mama. Hata lori moja halitakanyaga tena kwako."

Wakati huo Ok-sun alikuwa mjini Daegu, amelazwa hospitali kwa upasuaji wa magoti. Shamba lake la miti ya matunda ya pasimoni liko nyuma ya kilima, halionekani kutoka barabarani. Bun-rye alivaa koti lake, akatangulia mbele ya gari la Pyo kwa miguu, akafungua lango la waya kwa mkono wake.

Ok-sun alirudi na magongo, akaikuta miti yake imezikwa hadi kwenye matawi. Afisa yule yule alikuja, akaziba pua vile vile, akasema maneno yale yale.

Mwishowe Pyo alikamatwa wilaya nyingine kwa kosa jingine. Alipoulizwa juu ya Neutigol, aliwaambia polisi huku akitabasamu ni nani aliyemwonyesha njia. Alifungwa kifungo kifupi, na hakukutwa na mali yoyote ya kulipia usafi. Wilaya ikasafisha pote pawili, ikawabebesha gharama wanawake hao wawili. Shamba la mmoja na nyumba ya mwenzake vikapigwa mnada.

Ok-sun alimfuata Bun-rye aliyekuwa akifunga mizigo.

"Yote hayo kwa sababu ya kabichi?"

"Si kabichi," Bun-rye alisema. "Mlicheka."

Ok-sun akageuka na magongo yake, akaondoka. Hakumaliza mwaka; moyo ulisimama akiwa jikoni kwa bintiye. Bun-rye, ambaye sasa alipanga chumba mjini, alikuja mazishini kwa basi, amevaa nguo nyeusi za kuazima. Ndani watu walikuwa wakinywa supu ya nyama. Binti wa marehemu alisimama mlangoni, hakumpisha.

"Mama alikuita dada mpaka siku ya mwisho," alimwambia. "Mimi sikuiti kitu."

Bun-rye alipiga magoti pale pale nje, kwenye zege lenye barafu, akasujudu mara mbili kama marehemu anavyostahili. Alishindwa kunyanyuka mara moja. Tulimtazama kupitia kioo cha dirisha, na hakuna aliyetoka kumshika mkono.