Mama Mkato Aziba Njia Aliyoifungua Mwenyewe

Saa moja asubuhi, umande haujakauka, na Mama Mkato ameshapiga magoti mlimani. Analaza jiwe, analigonga kwa nyundo, analikanyaga, kisha anaguna. Likitikisika analing'oa na kuanza upya. Jiwe moja limerudiwa mara nne, na mimi niliyekuja na kalamu tu nimeshachoka.

Mwanamke huyu wa miaka arobaini na sita ni mpagazi. Kwa miaka kumi na moja amewabebea mizigo wageni wanaopanda kutazama maporomoko ya maji. Kazi hiyo imemjengea nyumba ya bati na kuwasomesha mabinti zake wawili. Kijijini, nyumba kumi na tisa sasa hulaza wageni. Wifi yake, aliyekuwa kibarua wa kulima mashamba ya watu, ana banda lake la chai.

Jina lake, hata hivyo, lina kisa.

Njia ya zamani iliuzunguka mlima kwa saa tatu, hivyo mpagazi alipanda mara moja tu kwa siku. Yeye akachukua panga, akakata moja kwa moja kwenye mteremko. Safari ikawa saa moja na nusu. Wapagazi wenzake wakamfuata, na wageni nyuma yao.

"Nilijiona mjanja! Safari mbili kwa siku, nani angekataa?" anasema. "Walinishangilia utadhani bibi harusi."

Mwaka wa tatu mvua ikawaumbua. Buti zilikuwa zimekwangua nyasi zote, na njia ya mkato ikageuka mtaro wa kumfika mtu kifuani. Tope likateremka hadi kwenye chemchemi ya kijiji. Watoto saba walilazwa kwa kuhara, mmoja wao mjukuu wake.

"Nilikaa kitandani kwake nikajiambia, tope hili ni langu," anasema, na kwa mara ya kwanza hacheki. Inauma kumsikia, maana faida waliila wote.

Mkutano wa kijiji ukagawanyika. Wengine walitaka wageni wapigwe marufuku, wenye nyumba za kulaza wageni wakaja juu. Mwishowe wakakubaliana: mvua kubwa zijazo chemchemi ikichafuka tena, mlima unafungwa.

Ndiyo maana kwa miezi minne amekuwa akiuziba mtaro kwa kuta fupi za mawe na kupanda nyasi, ili wageni warudi njia ndefu. Bado wapo wapagazi wanaoruka mawe yake asipokuwepo.

Wifi yake anafika na birika. "Ziba, wifi, ziba! Wakizunguka saa tatu watashuka na kiu, chai itanunuliwa."

"Kumbe! Nikadhani unaniletea kwa mapenzi."

"Mapenzi yapo, na biashara ipo."

Wanacheka mpaka chai inamwagika. Namuuliza mpagazi, je, kazi hii isipofua dafu?

Anapangusa udongo mikononi. "Maji yakiwa safi, nitabeba mizigo kwa saa zangu tatu na nitashukuru. Yakija na tope, wa kwanza kunyoosha mkono mlima ufungwe nitakuwa mimi."

Wifi yake ameacha kucheka. "Na banda langu je?"

"Banda tutajenga jingine, wifi yangu. Chemchemi ataijenga nani?"