Namba Niliyoiandika Ukutani

Kitambaa cha kufuma kikipata moto kinatoa harufu yake yenyewe, harufu ya uzi uliolowa ukakaushwa kwa pasi. Mpaka leo nikiisikia, mkono wangu unataka kwenda kukifunua. Kwetu Tukuyu mvua ikianza haijui kuaga. Nguo hazikauki, chumvi inayeyuka ndani ya kopo, kuta zinatoa jasho. Na sebuleni kwa baba yangu mkubwa, Anganile, ilikaa kompyuta imevikwa vitambaa vyeupe vitatu alivyofuma mama: kimoja juu ya kioo, kimoja juu ya sanduku lake, kimoja juu ya kibodi. Ilikuwa miaka ile mashirika yanauzwa na watu wanapunguzwa kazini. Baba mkubwa alikuwa mtunza stoo kwenye shamba la chai, shamba likapata mwenyewe mpya, vitu vya ofisi vikapigwa mnada, naye akarudi na kompyuta juu ya toroli huku akisalimia kila mlango kama bwana harusi. Kuitumia hakujua. Aliyejifunza ni mama yangu, mjane wa mdogo wake; mimi na mama tulikuwa tunakaa kwenye nyumba yake ya uani.

Kazi ya mama ilikuwa kuchapa wasifu wa marehemu na ratiba za mazishi. Kwetu msiba ni jambo la watu wengi, na mtu hazikwi bila kusomewa alizaliwa wapi, alibatizwa lini, ameacha wajukuu wangapi. Watu walikuja kutoka vijiji vya Suma na Matwebe, karatasi iliyoandikwa kwa mkono imekunjwa ndani ya mfuko wa nailoni isilowe. Baba mkubwa alitamka mwenyewe mbele ya bibi: "Kazi hii ikisimama, huyu binti wa marehemu ataenda sekondari." Nilikuwa darasa la saba. Kwa hiyo wenzangu wakisikia kompyuta wanafikiria mchezo, mimi nilikuwa nafikiria dawati langu. Na mashine yenyewe ilikuwa nzito! Unabonyeza herufi, unangoja, herufi inakuja kama mgeni asiyetaka kuja. Siku moja mzee mmoja wa Suma, mabuti yamejaa tope, alichoka kusubiri akasema, "Mama, marehemu atafufuka kabla hiyo mashine yako haijaamka." Waliokuwepo wakacheka. Mama hakucheka, mimi pia sikucheka.

Aliyetuokoa ni Mwalimu Shayo, mtu wa Kilimanjaro aliyepangiwa kufundisha kwetu, ambaye alikuwa anakuja kuchapa mitihani. Siku ya kwanza aliweka kiganja juu ya sanduku, akakitoa upesi. "Kwanza mvueni mgonjwa blanketi," akasema. Mama akaona haya. "Na vumbi, Mwalimu? Wageni wataona tunaishi ovyo." Akamjibu, "Wageni wanakuja kuangalia kitambaa au kuchapa?" Tukavivua vitambaa, tukaisogeza mbali na jiko la mkaa tulilokuwa tunaliweka karibu ili isipate unyevu. Kumbe tulikuwa tunaichemsha kwa mapenzi yetu. Halafu akaona imejaa. Mama hakuwahi kumfuta marehemu hata mmoja, alikuwa anasema kumfuta ni kumzika mara ya pili. Mwalimu hakubishana naye. Alinifundisha kuwahamishia kwenye diski, nami nikawa nazipanga ndani ya kopo la biskuti kijiji kwa kijiji, mama akaridhika kwamba wote wapo. Tena akanionyesha vitu vinavyojiwasha vyenyewe mashine ikiamka, vingine hatukuwahi kuvitumia hata siku moja. "Watu kumi wanaamka alfajiri kumsaidia mmoja kufagia," akasema, tukavizima. Picha kubwa ya nyuma tukaitoa, tukaweka rangi tupu ya kijani, mimi ndiye niliyeichagua, kama majani ya chai baada ya mvua. Maandishi tukayakuza kwa ajili ya macho ya mama. Mwisho akanionyesha, mashine ikiwashwa, kioo kikiwa bado cheusi, namba inayopanda upesi halafu inasimama. "Hiyo ndiyo kumbukumbu yake, ndiyo nguvu yake. Ikipungua, ujue kuna mtu kafungua sanduku akachomoa kipande." Nikaichukua penseli nikaiandika ukutani nyuma ya meza: 32768. Kila asubuhi mimi na mama tulikuwa tunaitazama ikipanda mpaka pale, kama watu wanaohesabu kuku wakati wa kuwafungulia.

Mashine ikakimbia. Watu walikuwa wanatoka wanamwambia mama "ndaga fijo", asante sana, wanampita baba mkubwa barazani kama nguzo ya nyumba. Hilo hakulipenda. Mwalimu Shayo akapewa uhamisho, na hazijapita wiki mbili baba mkubwa akamleta Fundi Tuntufye kutoka Mbeya, mtoto wa rafiki yake, eti mashine ihudumiwe na mtu anayejua. Tuntufye akatutoa nje, akasema kuna umeme mbaya. Akafunga mlango, akakaa, akatoka, akanywa chai yetu na ndizi za kuchoma, akaondoka. Asubuhi yake namba ikapanda, ikasimama 16384. Nusu! Na uzito ule ule ukarudi.

Nikamwambia baba mkubwa. Akamwita Tuntufye, naye akaja na shati jipya. Hakuangalia namba. Aliuliza, "Nani kabadilisha rangi hii? Nani kakuza maandishi?" Nikasema ni mimi. Akamgeukia baba mkubwa, "Si unaona, mzee? Mtoto kachezea, mashine imechoka." Nikamwonyesha ukutani. Akacheka mpaka akashika meza. "Ukuta umeandika! Na panya waliopita hapo hawakuandika ya kwao?" Baba mkubwa akachukua kitambaa kimoja cha mama, akakichovya kwenye maji, akaifuta namba yangu. Taratibu, mpaka chokaa ikatoka. Nikamtazama mama. Yeye alikuwa anaiona namba ile pamoja nami kila siku ya Mungu. Alitazama sakafu. Akasema, "Mwanangu, omba radhi." Nikapiga magoti nikaomba.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, nami nasema hata chini ya kitambaa cheupe. Nilipelekwa Matwebe kwa bibi, kulima viazi na kubeba ndizi. Wenzangu walipoanza kidato cha kwanza nilikuwa na mkungu kichwani, nikawapisha njia. Watu wakaanza kuchapiwa wasifu kwingine, na kompyuta ikawa meza ya chupa ya chai. Nawataja kwa majina kwa sababu wamezoea kutajwa kwa heshima. Tuntufye aliiba. Anganile, kama waligawana sijui, na nisilolijua silisemi. Ninalolijua ni kwamba alifuta. Na mama yangu alinyamaza kwa sababu hatukuwa na nyumba nyingine ya kwenda. Hilo nimelielewa nikiwa na watoto wangu. Kulielewa nimelielewa, ila kulisamehe bado.

Siku hizi Tukuyu ina mafundi kila kona, na binti yangu yuko chuoni na kompyuta yake ya kufunga na kufungua kama kitabu. Majirani wenye mashine nzito wananiuliza, mimi wa darasa la saba, nami nawaambia yale yale: msiiweke juu ya godoro, toeni msivyotumia, hamisheni picha za harusi, zimeni vinavyojiwasha vyenyewe, na kabla hamjampa mtu yeyote bisibisi, andikeni namba. Juzi kioo cha binti yangu kilipasuka, tukaenda kwa fundi pale sokoni. "Iacheni, mama, rudini jioni," akasema. Nikatoa karatasi. "Andika umeipokea ikiwa na kumbukumbu nane. Weka sahihi. Nasubiri hapa." Akacheka, "Mama, umesomea haya mambo?" Binti yangu akaninong'oneza, "Mama, unatia aibu." Nikavuta kigoda nikakaa. Fundi akafungua, akafanya kazi yake, akafunga, akaiwasha.

"Tafuta namba," nikamwambia binti yangu. "Isome kwa sauti."

Akaisoma mbele ya fundi na wateja wote. Nane. Fundi akaitikia kwa kichwa, na hakuna mtu aliyemwambia binti yangu aombe radhi.