Video Inayogoma Asilimia Sitini na Mbili

Saa nane mchana. Pazia limefungwa ili jua lisipige kioo cha kompyuta, na Bi Subira ameikodolea macho namba moja tu: asilimia sitini na mbili. Ni mara ya tano leo video anayoitengeneza inagoma palepale.

Jina la Subira ni la utani, alipewa na wateja. Anahariri video za familia nyumbani kwake, na mashine yake haijawahi kuwa na haraka.

"Kurenda dakika kumi, yaani kuunganisha vipande viwe video moja, kunakula saa nzima," anasema akicheka. "Lakini hufika. Hii haifiki!"

Video ni ya jirani yake, mama mjane. Keshokutwa anafanyiwa operesheni ya macho, na daktari hakumficha: huenda asione tena. Mama anataka kumwona marehemu mumewe mara moja zaidi.

Bi Subira amepuliza vumbi kwenye feni, amefunga programu nyingine, amehamishia picha kwenye diski yenye nafasi. Wapi! Ikifika pale marehemu anapogeuka, sebuleni gizani, mashine inaganda.

"Nikasema, huyu mzee hataki kutoka," ananong'ona. Safari hii hacheki.

Ghafla anakumbuka kwamba kipande hicho alikiwekea kichujio cha kufuta chenga za giza. Mashine imekuwa ikihangaika na kila chembe ya picha. Anakiondoa, anarenda upya. Sitini na mbili, sitini na tatu... Dakika sita zaidi, kazi imekwisha.

Anamwita mjane, ambaye siku hizi hata namba za simu hazioni. Mama anakaa, pua nusura iguse kioo.

"Baba watoto," anasema, machozi yakimtoka. Kisha ananyoosha kidole. "Na huyo nyuma yake?"

Bi Subira anatazama. Kweli, mtu amesimama mlangoni.

"Si wewe, mama?"

"Mwanangu, mimi ndiye niliyeshika kamera. Tulikuwa wawili tu. Wiki ileile akafariki."

Bi Subira anataka kurudisha kichujio kimfute, hata kama mashine itaganda tena. Mama anakataa katakata.

"Mwache! Mume wangu anakata roho, mimi niko dukani. Miaka yote nimejilaumu kwamba alikuwa peke yake. Kumbe labda hakuwa. Macho yakipona nitarudi, unikuzie hiyo sura. Nataka nimjue aliyekuwa naye."

Bi Subira ameahidi, na anamwombea apone kwa moyo wote. Ila kuikuza sura hiyo akiwa peke yake chumbani, anasema, hathubutu. Anamsubiri mama.