Siku Waliyoombea Spika kwa Ajili Yangu

Nianze kwa kukiri, maana hapa kambini Dzaleka habari ilifika kabla sijashuka garini: mimi ndiye niliyefanya kanisa zima kule Chilinde, Lilongwe, liombee spika.

Korale yetu, yaani kwaya, ina watu ishirini, na kwa kuwa wa Bukavu walilalamika kwamba solo wanapewa wa Uvira tu (na wa Uvira wakalalamika hivyohivyo, kinyume chake), kiongozi wetu Mama Furaha akatia majina yote kwenye kopo la maziwa, kila Jumapili anachomoa moja, anayetajwa anaimba, kisha karatasi inarudi koponi. Ukishindwa unarudisha shati la korale, na bila shati hutasafiri nao tena kuimba Lilongwe. Mimi nikapiga hesabu ya kivivu: mmoja kati ya ishirini, nani atanipata? Sikujifunza solo hata moja. Jumapili kumi na tatu zikapita, nikawa natembea kama mtoto wa waziri.

Ya kumi na nne tukaalikwa Chilinde, na jina likatoka langu.

Nikashika mikrofoni, nikaamua kitu kidogo tu: nichezeshe mdomo bila sauti kwa mstari mmoja, labda maneno yatakuja (hayakuja). Fundi wa mitambo, kaka wa Kimalawi mwenye heshima zake, akadhani mikrofoni imekufa, akaniletea nyingine na kuniomba radhi, nami nikazidi kuchezesha mdomo huku nimefumba macho kama mtu aliyeguswa rohoni, akaleta ya tatu, akabadilisha waya, mwishowe mchungaji akawasimamisha watu wote waombee spika, na mimi nikainua mkono nikaomba nao.

Katikati ya maombi Mama Furaha akaleta sikio lake mdomoni kwangu.

"Mashini iko muzima," akatangaza. "Ni huyu mutoto njo haiko na sauti."

Walicheka mpaka mchungaji akakaa chini.

Nje, yaya Neema, dada yangu mkubwa, hakunihurumia. "Kila Jumapili moja kwa makumi mbili, ni kweli. Lakini we ulitaka kupona mara zote kumi na ine. Zidisha kumi na tisa juu ya makumi mbili, yenyewe kwa yenyewe, mara kumi na ine."

Nikazidisha kwenye simu. Nafasi ya kupona mara zote haikufika hata nusu.

"Unaona? Afazali ungerusha sarafu."

Mama Furaha akanipa jioni sita: kila jioni nijaribu ile sauti ya juu ya solo mara moja mbele yake, ikitoka hata siku moja shati ni langu. Kwa kawaida ilinitoka mara moja kati ya tano, aibu tupu, lakini safari hii nilizidisha mpaka mwisho: kukosa mara zote sita ni kama robo tu. Nikalala vizuri. Jumatatu ulitoka mkoromo, Jumanne mbwa wa jirani alijibu, Jumatano na Alhamisi tusizitaje, Ijumaa ikatoka, ndefu, safi, mpaka nikaogopa mwenyewe.

Mama Furaha akanifunga kifungo cha juu cha shati.

Nimeapa: hesabu sitaiachia njiani tena, na mdomo nikiufungua kanisani, utoe kitu.